Boksi la Gari la Maharusi

Gari jeupe liliingia gereji likikonyeza. Mwenye gari alikanyaga breki, ikawaka indiketa. Akawasha indiketa, zikawaka taa za breki. Akazima kila kitu, na taa moja ya nyuma ikabaki imewaka hafifu, kwa ukaidi tu.

Fundi wa hapo, aliyejiita Daktari, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu anakula karanga. Aliliona gari kwanza, akaona maua ya plastiki yaliyobaki kwenye boneti, na mwisho kabisa akamwona mwenye gari. Karanga zikamwia ngumu kumeza. Gari lile lilikuwa la aina ileile, la toleo lilelile na rangi ileile kama gari lake mwenyewe, ambalo wakati huo lilikuwa nyuma ya gereji limefunikwa turubai, maana aliona aibu watu walione.

"Karibu, mama, karibu kliniki," alisema, akijifuta chumvi kwenye koti lake jeupe.

Koti lile lilikuwa la mtumba, na mfukoni lilikuwa na kalamu ambazo hazikuandika. Juu ya mlango alikuwa amebandika bango: KUPIMA BURE. Watu wakisikia tapeli hudhani ni mtu asiyejua kazi. Wanamwonea. Daktari alikuwa fundi wa umeme wa magari hodari kweli, anayeweza kufuata waya mmoja kuanzia taa ya mbele hadi buti bila kupotea. Kazi aliijua. Kuifanya ndiko kulikomchosha.

Mwenye gari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, kichwani kilemba, begani mkoba uliojaa riboni. Mjini walimwita Mama Maharusi, kwa kuwa gari lile ndilo lililowapeleka maharusi ukumbini karibu kila wikendi. Alilinunua baada ya miaka ya kupika kwenye sherehe za watu, na ndilo lililolipa ada za wanawe. Alikuwa na udhaifu mmoja tu: neno "bure" lilimlegeza magoti.

"Nimesoma hapo kupima bure," alisema kabla hata ya salamu. "Bure kabisa au bure ya maneno?"

"Bure kabisa, mama yangu. Mimi kupima ni wito."

"Haya pima basi. Jumamosi nina harusi ya mtoto wa watu wazito, sitaki kuaibika."

Sasa tuseme ukweli kuhusu shida ya Daktari, maana naye alikuwa na yake. Magari ya siku hizi yana boksi dogo chini ya dashibodi, kiasi cha kipande cha sabuni ya kufulia. Mafundi huliita boksi la bodi. Ni kompyuta inayosimamia honi, waipa, vioo, taa na milango, na ndiyo inayoutambua ufunguo wa mwenye gari na kumkatalia mgeni. Boksi la bodi la gari la Daktari lilikuwa limeharibika kikwelikweli. Honi ililia alfajiri bila kuguswa. Waipa zilifuta jua. Buti lilifunguka barabarani na kumwaga spana. Mkewe alishatoa kauli ya mwisho: "Likilia tena alfajiri, mimi na watoto tunahamia kwa mama. Wewe baki hapa umuuguze mgonjwa wako."

Na hilo la mke lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa la Bosi wa Teksi. Huyu bwana alikuwa na teksi tele, zote za aina hiyohiyo, na alikuwa anatafuta gereji moja ya kuzitibu zote. Daktari alikuwa amemsifia kliniki yake kwenye simu hadi mate yakamkauka. Bosi akasikiliza, kisha akajibu, "Jumatatu nitakuja nipande gari lako mwenyewe. Mimi fundi namjua kwa gari lake." Daktari hakulala vizuri tangu hapo. Akifumba macho aliziona teksi zile zimepanga foleni, kila moja na boksi zima chini ya dashibodi, naye analitoa hili anaingiza lile, mwaka hadi mwaka, mpaka uzeeni. Kati yake na raha hiyo kulikuwa na gari moja linalopiga honi ovyo. Boksi jipya lilikuwepo dukani, na siku aliyoulizia bei alimwambia muuzaji "nakuja sasa hivi" akapitia mlango wa nyuma.

Ndiyo maana karanga zilikuwa ngumu.

"Tafadhali kaa pale kivulini, mama," alisema. "Mgonjwa huwa hapendi kupimwa huku ndugu wanamtazama."

Mama Maharusi akakaa. Daktari akaingia chini ya usukani na, kwa dakika chache, alikuwa fundi mwaminifu. Alipima betri, nzima. Akakagua fyuzi, nzima. Kisha akainua kapeti, maana taa zikianza kubadilishana kazi, fundi mwenye akili huangalia waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bati la gari ili umeme urudi ulikotoka. Akaukuta pale pale, boliti yake imeota kutu. Kapeti lilikuwa na unyevu: maji ya vyombo vya maua, harusi baada ya harusi. Akasugua boliti kwa msasa, akakaza. Akabonyeza breki kwa mkono, ikawaka breki. Gari lilikuwa limepona. Boksi lake halikuwa na kosa lolote duniani.

Hapo uaminifu ukaisha. Daktari akanyoosha mkono, akachomoa plagi ya boksi, akaiacha inaning'inia. Taa zote zikafa. Akatoka taratibu, akachomeka mashine yake ya kupimia, na uso ameukunja.

"Mama," aliuliza kwa upole, "hapa umekuja na nani?"

"Peke yangu. Kwani vipi?"

"Habari kama hizi mtu hapewi akiwa peke yake."

"Wee Daktari, usinitie presha! Sema."

Akamwonyesha kioo cha mashine. Palikuwa na mstari mwekundu: BOKSI LA BODI, HAKUNA MAWASILIANO. Mashine haikudanganya hata kidogo. Boksi lililochomolewa haliwezi kuwasiliana na mtu, na mashine haina tabia ya kuuliza nani alichomoa.

"Limekufa," alisema Daktari, akavua kofia.

"Limekufaje? Si nimekuja naendesha?"

"Ndivyo linavyokufa hili. Kimyakimya. Lingekufia ukumbini, bibi harusi akiwa ndani, milango imejifunga. Mungu amekupenda."

Mama Maharusi akashika kifua. Lakini mkono mwingine ulikuwa umeshashika mkoba, tayari kwa mapatano, kwa sababu huzuni haikumfanya asahau bei ya boksi jipya. Wakavutana. Yeye akaapa kwa watoto wake, Daktari akaapa kwa taaluma yake. Wakakutana katikati, kila mmoja akilalamika kwamba ameibiwa, na mmoja wao alikuwa anasema kweli.

"Lina waranti?"

"Waranti ya maisha, mama."

"Maisha ya nani?"

"Ya boksi."

"Sawa. Na hilo lililokufa nipe, nitaliuza chuma chakavu."

Daktari alibanwa na kikohozi. "Hilo? Hapana, mama! Likifa linatoa sumu. Ukilikalia karibu, nywele zinapuputika. Mimi nitalizika kitaalamu."

Mama Maharusi akagusa kilemba chake, akaliacha lizikwe.

"Niachie ufunguo, uje jioni. Una mwingine?"

"Wa akiba uko nyumbani, kwenye kopo la vifungo."

"Uache huko huko," alisema Daktari. "Huu mmoja unatosha."

Mama alipoondoka, turubai likafunuliwa. Boksi gonjwa likatoka kwenye gari la Daktari, likafutwa kwa spiriti, likabandikwa stika inayong'aa, likaingia kwenye gari la maharusi. Boksi zima la Mama Maharusi likaingia kwenye gari la Daktari jinsi lilivyo, bila kufutwa, kwani nani atachungulia? Kisha kwa mashine yake akalifundisha boksi gonjwa kuutambua ufunguo wa mama, na boksi zima kuutambua ufunguo wake yeye. Ilibaki hatua moja: kulisahaulisha boksi zima funguo zake za zamani. Hatua hiyo si ngumu. Ni kukaa tu na kuisubiri mashine imalize. Lakini chakula kilikuwa kimeletwa, kimefunikwa kwa sahani, na harufu yake ilipenya hadi chini ya dashibodi. Daktari akatazama mashine, akatazama sahani. "Ufunguo uko kwenye kopo la vifungo," alijiambia, akaenda kunawa.

Jumamosi ikafika. Gari la maharusi, limepambwa likapambika, lilimbeba bibi harusi kistaarabu kwa mitaa miwili mitatu. Mtaa uliofuata, waipa zikaamka. Zikakamata riboni, zikakamata maua, zikayafagia yote kwenye uso wa mwendesha pikipiki. Vioo vikashuka vyenyewe na upepo ukaondoka na shela. Honi ikaanza kulia na haikunyamaza, watu wakadhani ni furaha, wakaitikia kwa vigelegele. Mbele ya ukumbi, Mama Maharusi na wasimamizi waliposhuka kumpokea bibi harusi, milango ikajifunga kwa ndani, ufunguo ukiwa humohumo na bibi harusi humohumo.

"Nitoeni!" alilia binti wa watu kupitia kioo, ambacho sasa kilikuwa kimepanda.

Mama Maharusi akatuma mtu nyumbani, kopo la vifungo likamwagwa, ufunguo wa akiba ukaletwa. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza kwa nguvu, kwa sala na kwa matusi. Gari halikumjua kabisa. Bwana harusi alikuwa ameshavua koti na kuokota tofali gari lilipojifungua lenyewe, kwa wakati wake, kana kwamba halijafanya kitu. Mama wa bibi harusi hakupiga kelele. Alimwambia Mama Maharusi, polepole mbele ya watu, kwamba atahakikisha kila mwenye binti wa kuoza mjini hapa anaisikia habari hii. Mama Maharusi akaokota riboni zilizobaki, akaondoka. Usiku huo alilia.

Jumatatu asubuhi hakulia tena. Aliingia gereji kwa kishindo, gari likipiga honi, waipa zikicheza, na yeye ameshika funguo mbili mikononi kama kisu na uma.

"Daktari! Toka!"

Daktari alitoka amevaa koti lililopigwa pasi. Siku mbaya kuliko zote! Bosi wa Teksi alikuwa njiani. Gari lake mwenyewe lilikuwa limeegeshwa kivulini, limeoshwa, linang'aa, limetulia, turubai limekunjwa na kutupwa kando.

"Mama yangu, shikamoo, pole, polepole..."

"Usiniamkie! Umenizika mji mzima. Na huu ufunguo wa akiba haufungui, kwa nini haufungui?"

"Hilo linaeleweka. Boksi jipya bado geni, linaona haya." Simu yake ikaita. Alitazama jina, jasho likamtoka. "Niachie huo wa kila siku, nitashughulikia. Dakika moja tu, mama, ni mgonjwa mahututi." Akaunyakua ufunguo mmoja, akakimbilia ofisini akisema, "Bosi! Ndiyo, Bosi! Kata kulia hapo kwenye mtaro, Bosi!"

Mama Maharusi akabaki uwanjani na ufunguo wa akiba, ana hasira na hana wa kumgombeza. Basi akaligombeza gari lake. "Hunijui? Mimi niliyekuosha kwa mikono yangu, leo hunijui?" Akalinyooshea ufunguo, akabonyeza.

Gari lake likaendelea kufuta jua.

Nyuma yake, kivulini, kitu kikalia: pii. Akageuka. Gari jeupe lililooshwa lilikuwa limekonyeza taa zote kwa adabu, na milango yake imefunguka.

Alibonyeza tena. Likajifunga. Akabonyeza tena. Likafunguka.

Mama Maharusi hakuwa mtu wa umeme, lakini alikuwa amepika kwenye sherehe nyingi na alijua namna ya kuitambua sufuria yake jikoni kwa watu. Akalisogelea gari, akafungua mlango, akainama chini ya usukani, ambako Daktari hakujali kurudisha kifuniko. Boksi lilikuwa limekaa pale wazi. Ubavuni lilikuwa na tone la gundi ya maua, na juu ya gundi zilinata chembe za dhahabu, zile za kunyunyizia maharusi, ambazo zikishaingia kwenye gari hazitoki mpaka kiama.

"Ahaa," alisema. "Kumbe hukuzikwa."

Akaketi. Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Gari likanguruma bila swali. Daktari aliusikia mlio ule akiwa ofisini, akachungulia dirishani, simu sikioni, na akaliona gari lake linarudi kinyumenyume kwa mwendo wa kifalme.

"Mama! Mama, hilo ni langu!"

Mama Maharusi akashusha kioo. Kilishuka kwa utii.

"Boksi ni langu, Daktari!" alimpazia sauti. "Gari limelifuata tu!" Akapiga honi mara moja, akatoka getini. Pale pale getini akapishana na gari kubwa jeusi, lililokuwa linakata kulia.

Bosi wa Teksi alishuka, mzee mwembamba, miwani puani. Alikuta fundi aliyevaa koti jeupe amesimama mdomo wazi mbele ya gari moja tu, nalo lilikuwa linapiga honi, linafuta jua, na buti lake linafunguka na kujifunga.

"Hili ndilo gari lako?"

Hapo ndipo ulimi wa Daktari ulipokutana na njia panda. Akisema ndiyo, kazi ya teksi imekufa. "Hapana, Bosi," alisema. "Hili ni la mgonjwa."

"Na lako liko wapi? Nimekuja kulipanda."

"Lime... limeibiwa, Bosi. Sasa hivi. Umepishana nalo."

Bosi hakuwa mtu wa kuchelewa. Akatoa simu. "Mkuu wa kituo ni shemeji yangu, tunalikamata kabla halijafika barabara kuu." Akaweka sauti ya nje. "Shemeji, kuna fundi hapa ameibiwa gari mchana kweupe. Ongea naye."

"Pole, fundi," ilisema sauti nzito. "Wamevunja kioo?"

"Hapana, afande."

"Wamekunyang'anya ufunguo?"

Daktari akapapasa mfuko. "Ninao hapa, afande."

"Sasa huyo mwizi kafungua na nini?"

"Na... na ufunguo wake. Ni mteja. Hili linalolia hapa ndilo gari lake."

Bosi akainua miwani. Mashaka yalikuwa yameshaanza kumwingia, yalionekana usoni.

"Nieleze vizuri niandike," ilisema sauti, sasa bila haraka. "Ufunguo wa gari lake yeye umefungua gari lako wewe. Umefunguaje?"

Kulikuwa na jibu moja tu, na Daktari alikuwa ndiye mtu pekee mjini aliyeweza kulieleza vizuri. Alitazama mashine yake ya kupimia. Alitazama geti. Gari la maharusi likampigia honi ndefu, kumhimiza.

"Afande," alisema, "halijaibiwa. Nimechanganya maneno. Nimemwazima."

"Umemwazima?"

"Ndiyo. Ufunguo nilimpa mwenyewe. Hawezi kukaa bila gari, ana kazi za watu."

"Mpaka lini?" aliuliza Bosi kwa shauku.

Daktari akaligeukia gari linalolia. "Mpaka lake lipone."

Bosi alivua miwani kabisa. Akamshika Daktari bega. "Nimezunguka gereji zote mjini hapa, sijaona fundi anayempa mteja gari lake mwenyewe. Huyu ni mtu! Basi sikiliza. Siku huyo mama atakaponipigia mwenyewe aniambie gari lake limepona na la kwako ameshalirudisha, siku hiyo nakuletea teksi zangu zote." Akamkatia simu shemeji yake, akaondoka ameguswa sana.

Wiki hiyo Daktari alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu avae koti lile. Alikwenda dukani, akaingia kwa mlango wa mbele, akanunua boksi la bodi jipya, ndani ya karatasi yake. Akalifunga kwenye gari la Mama Maharusi, akakausha kapeti, akapaka boliti ya ethi grisi, akalifundisha boksi ufunguo, na safari hii akaisubiri mashine mpaka ikamaliza. Gari likawa zima kuliko lilivyotoka kiwandani. Akalipeleka nyumbani kwa mama kwa mikono miwili.

Mama Maharusi alilizunguka polepole. Akaingia, akabonyeza kila kitu. Kisha akatoka na uso ameukunja.

"Daktari," aliuliza kwa upole, "umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Kioo cha nyuma naona kinasitasita."

"Hakisiti, mama! Naapa!"

"Mimi nimekiona kinasita. Limekaa siku nyingi kwenye sumu hili, tusiharakishe. Lirudishe, ulipime tena. Kupima si bure?"

Akalirudisha. Amelirudisha mara nyingi tangu hapo, na kila mara pana kitu kidogo ambacho mama hakukipenda. Simu kwa Bosi haijapigwa. Mkewe, ambaye sasa analala vizuri alfajiri, anamuuliza kila siku gari liko wapi, naye hujibu kwamba liko kwa mteja. Jumamosi huwa anakaa juu ya tairi lake kuukuu na karanga zake, na mchana msafara wa harusi hupita mbele ya gereji. Mbele kabisa linakwenda gari lake, limejaa riboni, linang'aa, vioo vimepanda, waipa zimelala, na Mama Maharusi akifika pale getini humpigia honi.

Ni honi nzuri sana. Inalia pale tu inapobonyezwa.